Akiba ya Chakula cha Dharura Milimani Usambara: Wakati wa Kununua, Namna ya Kupima Bei na Kuhifadhi

Na Mwandishi Wetu, Mponde – Lushoto

Mponde ni miongoni mwa maeneo ya Halmashauri ya Bumbuli, wilayani Lushoto, ambako ardhi ya kaya moja hugawanywa kati ya chai, migomba, maharage na kipande kidogo cha mahindi. Chai huleta fedha, lakini haiingii chunguni. Kaya inayotegemea jani la chai hulazimika kununua sehemu kubwa ya nafaka yake, na hivyo huguswa na mambo mawili ambayo haiwezi kuyazuia: kipato kinapokatika na barabara inapokatika.

Yote mawili yamekwisha kutokea. Kiwanda cha Chai Mponde kilisimama uzalishaji mwaka 2013 kufuatia mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, na mashine zake zikakaa kimya kwa miaka mingi kabla ya Serikali kukirejesha mikononi mwake na mifuko ya PSSSF na WCF kuwekeza katika kukifufua. Kwa upande wa barabara, njia ya kupanda kutoka Mombo kwenda Soni hupita kwenye genge la mlima, na nyakati za mvua kubwa mawe na udongo huporomoka. Gari la mizigo likishindwa kupanda, bei ya unga dukani hubadilika siku hiyo hiyo.

Makala haya yanaeleza namna kaya ya kawaida inavyoweza kujiwekea akiba ya chakula cha dharura kwa gharama nafuu, bila kusubiri tangazo la upungufu. Msingi wake ni jambo ambalo wazee wa Usambara walilifahamu kabla ya kuwapo duka. Wasambaa wa zamani walijenga vijiji vyao vingi karibu na ukingo wa milima ili waweze kulima pande mbili, juu kwenye baridi na chini nyikani, mvua ikikosekana upande mmoja upande mwingine uwasitiri. Leo si kila kaya ina shamba nyikani. Hata hivyo, soko la nyikani bado lipo, na kwa mwenye kupanga mapema ndilo lenye bei nzuri.

Kiasi gani kinatosha

Kosa la kwanza ni kununua bila hesabu. Katika huduma za misaada ya kibinadamu duniani, kipimo kinachotumika ni wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na mgao wa msingi huwa karibu gramu 400 za nafaka, gramu 60 za mikunde, gramu 25 za mafuta ya kula na gramu 5 za chumvi. Mgao huo peke yake haufikishi kiwango chote, na pengo lililobaki hujazwa na ndizi, viazi, mboga na sukari, vitu ambavyo kaya nyingi za Mponde huwa navyo shambani au jikoni.

Kwa kaya ya watu watano, siku 30 zinahitaji kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharage, lita 4 za mafuta na takriban robo tatu ya kilo ya chumvi. Ukizidisha kwa miezi mitatu, ambayo ni Januari hadi Machi, wakati chakula kinapopanda bei katika maeneo mengi ya nchi, unapata kilo 180 za nafaka na kilo 27 za maharage. Hayo ni magunia mawili ya mahindi yaliyopungua kidogo, na robo gunia ya maharage yenye ziada ya kilo mbili. Si mzigo wa kutisha. Kaya isiyoweza kufika huko kwa mwaka mmoja na ianze na mwezi mmoja.

Ikumbukwe kwamba hesabu hiyo ni kwa wanaokula dona. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, sehemu ya uzito hubaki kuwa pumba. Kinu kikitoa kilo 75 za sembe katika kila kilo 100 za mahindi, kilo 180 za unga zitahitaji kilo 240 za mahindi. Tofauti hiyo ya kilo 60 ni chakula cha mwezi mzima kwa kaya ile ile ya watu watano. Mwenye kuku atasema pumba haipotei, na ni kweli, lakini wakati wa dharura anayekula kwanza ni mtoto.

Bei hushuka lini

Mkoa wa Tanga hupata mvua za misimu miwili, Vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na Masika kuanzia Machi hadi Mei. Mahindi ya Masika katika maeneo ya chini kama Handeni, Kilindi na Korogwe huvunwa katikati ya mwaka, na ndipo wakulima wengi huuza kwa pamoja kulipa ada, madeni na pembejeo. Kwa kawaida bei huwa ya chini kati ya Julai na Septemba, kisha hupanda taratibu hadi kufikia kilele mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Maharage ya milimani nayo huwa na bei nzuri mara baada ya mavuno, kabla wafanyabiashara wa mijini hawajamaliza kuyakusanya.

Hapa kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hugawana fedha mwezi Desemba. Mgawo huo huja wakati wa sikukuu, karo ziko mlangoni, na mahindi yamekwisha kupanda. Kikundi kikikubaliana kuvunja mzunguko wake mwezi Julai, au angalau kutoa mkopo mmoja wa chakula katika mwezi huo, fedha ile ile itanunua nafaka nyingi zaidi bila mwanachama yeyote kuongeza hisa. Ni uamuzi wa kikao kimoja tu, na faida yake hushinda punguzo lolote ambalo mteja anaweza kulipata kwa kubembeleza muuzaji.

Wananchi pia wanashauriwa kufuatilia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kila msimu wa mvua. Mwezi Agosti 2023, TMA ilitoa taarifa ya uwezekano wa El Niño katika msimu wa Vuli, na mwezi Desemba mwaka huo maporomoko ya tope yaliikumba Katesh, wilayani Hanang. Mvua hizo hizo zilitatiza uvunaji na usafirishaji wa miwa viwandani, sukari ikaadimika, na Januari 2024 Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi ya sukari. Aliyekuwa ameweka kilo kumi za sukari mwezi Septemba, baada ya kusikia utabiri, alinunua kwa bei ya kawaida kitu ambacho jirani yake alikipigania miezi minne baadaye.

Hesabu ya bei halisi

Bei nafuu haipimwi kwa kutazama kibandiko pekee. Inapimwa kwa gharama ya kilo moja iliyofika jikoni ikiwa tayari kupikwa. Chukua mfano wa hesabu tu, usiochukuliwa kuwa bei ya soko la leo: gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 60,000 nyikani, usafiri hadi nyumbani ni shilingi 7,000, mfuko wa kuhifadhia ni shilingi 5,000, kusaga ni shilingi 100 kwa kilo, yaani shilingi 10,000 kwa gunia. Jumla ni shilingi 82,000, na kilo moja ya dona imegharimu shilingi 820. Ikiwa dukani Mponde kilo ya unga ni shilingi 1,300, kaya imeokoa shilingi 480 kwa kila kilo. Lakini usafiri ukipanda kufikia shilingi 40,000 kwa gunia, kilo ya dona itagharimu shilingi 1,150, na mwananchi anapaswa kujiuliza kama shilingi 150 zilizobaki zinalipia siku yake nzima ya safari.

Njia ya kupunguza usafiri ni kununua kwa pamoja. Kaya kumi zinazohitaji gunia moja moja zinakamilisha tani moja, mzigo ambao gari dogo la mizigo linaweza kuubeba kwa safari moja. Aidha, katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na kushusha ushuru wa mazao ya chakula hadi asilimia 2. Ni vyema kikundi kiulize ofisi ya halmashauri kuhusu utaratibu unaotumika kabla ya safari, na kubeba stakabadhi ya manunuzi.

Vipimo navyo vinaweza kuimeza faida yote. Gunia la kilo 100 huhesabiwa kuwa debe sita, lakini debe lililojazwa hadi likafanya kilele si sawa na debe lililosawazishwa kwa fimbo, na debe lililobonyea chini ni jambo jingine kabisa. Sado la maharage lina matatizo hayo hayo. Wakala wa Vipimo (WMA), inayosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imekuwa ikisisitiza matumizi ya mizani katika ununuzi wa mazao na kupiga vita lumbesa. Mnunuzi ana haki ya kuomba mzigo upimwe kwenye mizani iliyohakikiwa na yenye stika ya Wakala. Muuzaji anayekataa mizani huku akisifia ukubwa wa debe lake amekwisha kukupa taarifa ya kutosha.

Tukumbuke pia kaya zinazonunua kidogo kidogo: nusu kilo ya unga, mafuta ya kupima ya shilingi mia tano, chumvi ya kufungia kwenye karatasi. Hizi ndizo hulipa bei ya juu zaidi kwa kilo, ingawa ndizo zenye kipato cha chini zaidi. Kwao akiba haianzi na gunia. Inaweza kuanza na lita moja ya mafuta iliyofungwa na kilo moja ya chumvi yenye madini joto kila malipo ya jani yanapotoka.

Nafaka kavu kwanza

Hali ya hewa ya Usambara ina neema na mtihani. Baridi yake hupunguza kasi ya wadudu na husaidia chakula kukaa. Ukungu wake, kwa upande mwingine, huzuia mahindi kukauka vizuri, hasa yale yaliyovunwa wakati wa manyunyu. Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mwananchi asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia chupa ya kioo iliyo kavu: ijaze mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi na yarudi juani. Chumvi ikibaki imetuama chini bila kunata, yanafaa kufungwa. Inapendeza kwenda na chupa hiyo sokoni.

Kukauka si suala la uzito pekee. Mahindi yenye unyevu hushambuliwa na ukungu wa aina inayozalisha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondolewa kwa kupika. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu na watu wakapoteza maisha. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu isiyozidi maikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi. Kwa hiyo gunia lenye punje zilizobadilika rangi, zenye harufu ya uvundo au zilizoganda pamoja haligeuki kuwa la bei nafuu hata likitolewa kwa nusu ya bei. Punje mbovu zikichambuliwa zisipewe kuku wala zisipelekwe kwenye pombe. Vilevile, mahindi yenye rangi ya waridi, kijani au bluu ya dawa ni mbegu zilizotiwa sumu kwa ajili ya kupandwa. Hayaliwi, hata yakioshwa mara ngapi.

Adui wa pili ni mdudu. Dumuzi aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, akaonekana kwanza Tabora, na wakulima wakampa jina la Skania kwa jinsi anavyofanya kazi kama lori. Anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kabla ya mwenye gunia kurudi kulitazama. Kinga iliyo rahisi kwa kaya ni mfuko usiopitisha hewa, unaofahamika kwa wengi kama mfuko wa kinga njaa. Mfuko huo una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na mmoja wa kusokotwa nje. Teknolojia yake ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipokuwa wakifanya kazi na wakulima wa kunde nchini Kamerun. Wadudu waliofungiwa ndani humaliza hewa ya oksijeni, huacha kula, na hatimaye hufa, bila kutia dawa yoyote.

Mfuko huo una masharti. Kila tabaka hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Tundu dogo kama la sindano linaharibu kazi yote, hivyo mfuko hukaguliwa kwanza kwa kujazwa hewa na kusikilizwa. Uwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta na mbali na panya, na usifunguliwe katika wiki za mwanzo. Mifuko miwili ya kilo 50 ni bora kuliko mmoja wa kilo 100, kwani unapofungua mmoja kwa matumizi, mwingine unabaki salama. Usipotobolewa, mfuko hutumika tena hadi misimu mitatu, na gharama yake kwa msimu huwa ndogo sana. Anayechagua dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka anunue iliyosajiliwa, afuate kipimo cha lebo na asubiri muda uliotajwa kabla ya kula. Dawa za kupulizia mboga shambani hazina nafasi ghalani.

Hifadhi mahindi, si unga. Dona lina mafuta ya kiini cha punje, na huanza kuwa chungu baada ya wiki chache. Saga ya siku kumi au kumi na tano, nyingine ibaki kuwa punje.

Kuhusu maharage, bei ya chini sokoni mara nyingi inaficha umri. Maharage yaliyokaa mahali penye joto na unyevu kwa muda mrefu huwa magumu kuiva, na kaya hulipa tofauti hiyo kwa kuni au mkaa. Omba punje chache, zitafune au zipike nyumbani kabla ya kununua debe zima. Maharage ya msimu mpya huwa na ngozi laini inayong'aa na matundu ya wadudu hayaonekani. Makopa ya muhogo, yaliyokauka hadi kuvunjika kwa mlio, hukaa miezi mingi na huwa ya bei ndogo kuliko mahindi, ila hayana protini ya kutosha na yahitaji maharage au dagaa pembeni. Dagaa wanunuliwe wakiwa wakavu kabisa, wasio na mchanga, na wafunguliwe kila mara kukagua.

Bidhaa za viwandani

Kwa mafuta, sukari, chumvi, maziwa ya unga na vyakula vya makopo, punguzo la bei lina sababu yake, na ni wajibu wa mnunuzi kuijua. Sababu njema ni kama kununua katoni nzima au duka kumaliza shehena ya zamani iliyo ndani ya muda. Sababu mbaya ni tarehe ya mwisho wa matumizi iliyofutwa, kopo lililovimba au kushika kutu kwenye maungio, na mafuta yaliyoanikwa juani mbele ya duka. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, huweka alama ya ubora kwenye bidhaa zilizothibitishwa. Bidhaa inayokaribia mwisho wa muda wake inaweza kuwa nafuu kwa matumizi ya wiki hii. Kwa akiba ya miezi sita haifai. Dai risiti, kwa kuwa bila hiyo malalamiko kwa TBS au Tume ya Ushindani (FCC) hukosa pa kuanzia.

Pale upungufu unapokuwa mkubwa

Akiba ya kaya haiondoi wajibu wa Serikali. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanzishwa mwaka 2008, hununua na kutunza nafaka kwa ajili ya nyakati za upungufu, na mwaka 2024 uliongezewa jukumu la kuhifadhi sukari. Katika mwaka wa fedha 2022/23, bei za vyakula zilipopanda, mahindi ya NFRA yalipelekwa katika halmashauri zenye uhitaji na kuuzwa kwa wananchi chini ya bei ya soko. Maombi ya aina hiyo hupanda kutoka kijiji, kata na halmashauri, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa katika ngazi hizo. Taarifa ya tathmini ya chakula inayoandaliwa na mtendaji wa kijiji na afisa ugani ndiyo hufungua mlango huo, hivyo kaya inapoulizwa ina magunia mangapi ni vyema itaje idadi ya kweli. Kuficha akiba hakumwongezei mtu mgao. Hupotosha hesabu ya kijiji kizima, na kuzidisha idadi ya walioishiwa nako hufanya hivyo hivyo.

Mahindi ya bei nafuu yanapofika kituoni huuzwa kwa fedha taslimu na kwa kiwango maalumu kwa kila kaya. Kutoka yanapotangazwa hadi yanapopanda mlima zinaweza kupita wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo ambazo gunia la ndani linapaswa kuzivusha.

Mavuno mapya yanapokaribia, mwezi Juni, gunia lililobaki lifunguliwe, likaguliwe na kuliwa kwanza au kuuzwa wakati bei bado haijashuka, mifuko ioshwe, ikaushwe na kukaguliwa matundu, tayari kwa safari ya Julai.